Reli ya Umeme Iliyojenga Miji: Habari za Magari Mekundu ya Los Angeles

Katika nchi ya Marekani, upande wa magharibi ambako jua huchwea baharini, uko mji mkubwa uitwao Los Angeles. Mji huu wasifika duniani kote kwa wingi wa motokaa na kwa upana wa barabara zake. Mgeni afikaye huko hudhani ya kuwa ulijengwa kwa ajili ya motokaa tangu siku ya kwanza. Sivyo. Mji ule ulienezwa na reli; wala si reli ya magari ya moshi peke yake, bali reli ya umeme, iliyotoka mji hata mji, toka vilimani hata pwani. Ukihesabu kila jozi ya chuma iliyotandikwa, ilikuwa na urefu wa zaidi ya maili 1,000. Jina lake ni Pacific Electric, nayo ilitajwa kuwa reli kubwa kuliko zote za namna yake duniani. Wenyeji waliyaita magari yake Magari Mekundu, kwa sababu ya rangi yake.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1901, na gari lake la mwisho la abiria lilisimama mwaka 1961. Basi, umri wake ulikuwa miaka 60 tu. Habari zake zamfaa kila mtu apandaye basi kwenda kazini, kila mtu alipaye kodi, na kila mtu mwenye kipande cha shamba karibu na njia mpya. Maana ndani yake limo swali moja kubwa: reli ijengwapo, ni nani apataye faida, na ni nani alipaye gharama yake baadaye?

Jinsi umeme ulivyofungwa kazi

Kabla ya umeme, watu wa miji ya Marekani walipanda magari yaliyovutwa na farasi juu ya reli. Lakini farasi huchoka, huugua, hula hata siku asiyofanya kazi, tena huchafua njia. Mwaka 1888 fundi mmoja, Frank Sprague, alifaulu kuendesha magari mengi ya umeme katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, hata katika vilima ambavyo farasi walivipanda kwa taabu. Miji mingine ikafuata upesi. Kisha watu wakatambua ya kuwa gari liwezalo kuzunguka mjini laweza pia kutoka mjini, kuvuka mashamba, na kuingia mji wa pili. Ndivyo zilivyozaliwa reli za umeme za kuunganisha mji na mji. Ilipofika mwaka 1916, Marekani ilikuwa na zaidi ya maili 15,000 za reli hizo.

Kazi yake si vigumu kuielewa. Umeme hutoka mtamboni, hupita katika nyaya kubwa, na kufika katika kituo kidogo kando ya reli. Hapo hugeuzwa kuwa umeme wa nguvu ifaayo magari. Katika njia nyingi za Pacific Electric nguvu hiyo ilikuwa volti 600. Waya wa shaba hutandazwa juu ya reli, umeshikwa na nguzo. Juu ya paa la gari upo ufito mrefu wenye gurudumu dogo nchani, nalo hugusa waya ule wakati wote wa safari. Umeme hushuka kwa ufito, huingia katika mota zilizofungwa chini ya sakafu, huzungusha magurudumu, kisha hurudi kwa njia ya reli zenyewe.

Gari la namna hii halichukui makaa wala maji, na halitoi moshi. Tena laweza kusimama mara nyingi na kuondoka upesi. Mkulima aliyesimama kando ya shamba lake na kapu la matunda aliweza kulipungia mkono likasimama. Gari la moshi lilikuwa zito mno kwa kazi kama hiyo.

Bwana Huntington na mashamba yake

Karibu na Los Angeles, reli ya kwanza ya umeme toka mji hata mji ilifunguliwa mwaka 1895, kati ya Los Angeles na Pasadena. Waliojenga ni Bwana Moses Sherman na Bwana Eli Clark, na mwaka uliofuata walifikisha reli yao Santa Monica, penye pwani. Lakini mtu aliyeifanya kazi hii kuwa kubwa ni Henry Huntington, aliyezaliwa mwaka 1850.

Baba yake mdogo Huntington, jina lake Collis, alikuwa mkuu wa kampuni ya reli ya Southern Pacific, iliyokuwa na nguvu kuliko kampuni zote za California. Mzee huyo alifariki mwaka 1900, na Henry akarithi sehemu kubwa ya mali yake. Hakupewa ukuu wa kampuni ile. Basi aliuza hisa zake, akaelekeza fedha na akili yake Los Angeles. Tangu mwaka 1898 yeye na wenziwe walikuwa wameshika reli ya magari ya mjini, yaliyopakwa rangi ya manjano. Mwaka 1901, pamoja na Bwana Isaias Hellman, mwenye benki, aliunda Pacific Electric ili kufikia miji ya mbali.

Wakati huo Los Angeles haukuwa mji mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1900 ilionyesha wakazi 102,479. Kuuzunguka kulikuwa na mashamba ya michungwa na ya ngano, na nyika nyingi tupu. Mtu mwenye busara za kawaida angaliuliza: reli ipelekwe huko kumchukua nani? Huntington hakuwangoja abiria. Yeye na wenziwe walinunua ardhi kwa bei ya shamba, wakapeleka reli, kisha wakaigawa ardhi ile katika viwanja na kuiuza kwa bei ya mji. Alikuwa na kampuni ya ardhi, kampuni ya reli, na kampuni ya umeme, na katika baadhi ya mahali aliuza maji pia. Mtu aliyenunua kiwanja kwake alijenga nyumba, akawasha taa kwa umeme wake, na asubuhi akapanda gari lake kwenda kazini.

Reli ya Long Beach, yenye urefu wa maili 20 hivi, ilifunguliwa tarehe 4 Julai, 1902, siku ambayo Wamarekani husherehekea uhuru wao. Long Beach ulikuwa mji mdogo wa pwani wenye watu 2,252 katika hesabu ya mwaka 1900. Miaka 10 baadaye walikuwa 17,809. Mji mwingine wa pwani, uliokuwa ukiitwa Pacific City, ulifikiwa na reli mwaka 1904, ukapewa jina jipya la Huntington Beach. Whittier, Monrovia, Glendale, Santa Ana na Newport pia zilifikiwa katika miaka hiyo michache. Mwaka 1905 kampuni ilikamilisha jumba lake kubwa katikati ya Los Angeles, na magari yakawa yakiingia na kutoka chini ya jumba hilo mchana kutwa.

Mikono iliyotandika reli

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Reli hizo hazikujitandika zenyewe. Waliochimba njia, wakabeba mataruma na kupigilia misumari, wengi wao walikuwa watu wa Mexico. Kampuni iliwapa vibanda vya kukaa kando ya reli pamoja na jamaa zao, na ujira wao ulikuwa mdogo.

Katika mwezi wa Aprili, mwaka 1903, watu hao walikuwa wakitandika reli katika njia kuu ya mji, nayo kazi ilitakiwa kumalizika kabla ya sherehe kubwa ya mji. Walitaka kuongezewa senti chache kwa kila saa ya kazi. Wasimamizi walielekea kukubali, lakini Huntington akalikataza jambo hilo. Mamia ya watu waliweka chini sururu na koleo zao. Wanawake wao walikuja njiani wakajaribu kuwanyang'anya vyombo wale waliobaki kazini. Kampuni iliandika watu wengine, polisi wakawalinda, na mgomo ule ukashindwa. Reli ikamalizika. Katika habari za matajiri waliojenga miji, mambo kama haya aghalabu hayatajwi, lakini nayo ni sehemu ya gharama ya reli.

Kwenye njia ya kwenda Long Beach, mwendo wa maili 7 hivi toka mjini, palikuwa na kituo kiitwacho Watts, ambapo njia ziligawanyika. Toka mjini hata hapo zilitandikwa jozi nne za reli sambamba, ili magari ya haraka yaweze kuyapita yale ya kusimama kila kituo. Wafanyakazi wa reli walikaa hapo, na baadaye wakaja Wamarekani weusi waliohama majimbo ya kusini kutafuta kazi. Katika sehemu nyingi za Los Angeles hati za viwanja ziliandikwa sharti kwamba ardhi isiuzwe kwa mtu asiye mzungu. Mahakama Kuu ya Marekani haikuzuia mahakama kuyatekeleza masharti hayo hata mwaka 1948. Watts palikuwa mahali pamoja kati ya machache ambapo mtu mweusi aliweza kununua nyumba. Yafaa jina la mahali hapo likumbukwe, maana litarudi katika habari hizi.

Ardhi imeuzwa, reli ni ya nani?

Mwaka 1911 palifanyika mabadiliko makubwa. Kampuni ya Southern Pacific, ile ya mzee Collis, ilichukua Pacific Electric yote pamoja na reli nyingine za umeme za pande zile, zikaunganishwa kuwa moja. Huntington alibaki na magari ya manjano ya mjini, na ardhi yake, na kampuni yake ya umeme. Alikuwa tajiri mkubwa. Baadaye alikusanya vitabu na picha za thamani nyumbani kwake San Marino, na jumba hilo la vitabu lajulikana kwa jina lake hata leo. Alifariki mwaka 1927.

Waliochukua reli waliikuta kubwa na nzuri. Mwaka 1914 waliifikisha San Bernardino, karibu maili 60 toka Los Angeles, na katika njia hiyo walitumia umeme wa volti 1,200. Magari Mekundu yalipita katika nchi za wilaya nne. Yalichukua wafanyakazi asubuhi, wanafunzi mchana, na watu wa matembezi siku ya Jumapili. Usiku mabehewa ya mizigo yalichukua machungwa, mbao na mafuta ya petroli. Katika mwaka 1924 abiria walikuwa zaidi ya milioni 100.

Pamoja na hayo yote, hesabu za kampuni zilionyesha hasara katika miaka mingi. Mizigo ilileta faida, lakini abiria hawakuleta. Sababu yake ilikuwa ndani ya mpango wa tangu mwanzo. Nauli peke yake haikuwa imekusudiwa kulipa gharama ya kwenda mbali kote kule. Faida ya ardhi ndiyo iliyofanya kazi ile ipendeze. Sasa ardhi ilikuwa imekwisha kuuzwa, na fedha zake zimekwisha kuingia mifukoni. Kilichobaki ni chuma cha kutengeneza, mataruma yaozayo, na mishahara ya kila mwezi. Aliyekuwa amenunua kiwanja alidhani ya kuwa reli imo katika bei aliyolipa. Mwenye reli mpya naye hakuwa amepokea hata senti moja ya kiwanja hicho.

Motokaa zaingia njiani

Kisha ikaja motokaa. Mwaka 1914 watu wenye motokaa zao walianza kuchukua abiria katika njia za Los Angeles kwa senti 5 kila mtu, kama vile matatu zilivyoanza Nairobi miaka mingi baadaye. Waliwangojea abiria pale pale gari la umeme lilipozoea kusimama. Serikali ya mji iliwazuia baada ya muda, lakini watu walikuwa wamekwisha kuionja raha ya motokaa. Bei yake ilishuka mwaka hata mwaka, na Los Angeles ukawa na motokaa nyingi, kwa hesabu ya wakazi wake, kuliko miji mingine mikubwa ya Marekani.

Katikati ya mji Magari Mekundu yalipita barabarani pamoja na motokaa, nayo yalikwama nyuma yake. Gari lililokwenda mbio mashambani lilitambaa kama kobe likifika mjini. Mwezi wa Aprili, mwaka 1920, baraza la mji lilikataza motokaa kusimamishwa kando ya njia za katikati ya mji saa za mchana, ili magari ya umeme yapite. Wenye maduka wakalalamika kwamba wanunuzi wamepungua, na sheria ile ikalegezwa baada ya wiki chache tu.

Kampuni ilitafuta njia nyingine. Mwaka 1925 ilifungua njia ya chini ya ardhi, yenye urefu wa karibu maili moja, toka katikati ya mji kuelekea Hollywood na Glendale, nayo ilipunguza mwendo kwa robo saa hivi. Palikuwa pia na shauri la kuinua reli juu ya nguzo katikati ya mji, ili zisikutane kabisa na motokaa. Mwaka 1926 jambo hili lilipelekwa kwa wapiga kura pamoja na shauri la stesheni kubwa ya reli zote. Wengi walipiga kura kuikataa reli ya juu. Waliogopa kelele na giza njiani, tena hawakuipenda kampuni, kwa kuwa kwa miaka mingi Southern Pacific ilikuwa imetawala mambo ya California kwa mkono mzito. Watu hawakutaka kutoa fedha zao kuiokoa.

Hapo ndipo mizani ilipoinama. Motokaa ilipita katika barabara iliyojengwa kwa fedha za umma. Reli ilipita katika njia ambayo kampuni yenyewe iliitengeneza na kuilipia kodi. Na reli ilipopita barabarani, kampuni ilidaiwa hata kuitengeneza sehemu ya barabara iliyo kati ya chuma na chuma. Kampuni haikuweza kupandisha nauli ila kwa ruhusa ya Tume ya Reli ya California. Basi ilianza kufunga njia zenye abiria wachache na kuweka mabasi mahali pake.

Vita Kuu ya Pili ilileta uhai wa muda. Petroli na mipira ya magurudumu ilikuwa kwa kipimo, na viwanda vya meli karibu na San Pedro vilihitaji maelfu ya wafanyakazi. Magari ya zamani yalitolewa yadini, yakajaa watu hata milangoni. Vita ilipokwisha mwaka 1945, magari yale yalikuwa yamechakaa, na hapakuwa na fedha za kununua mapya.

Je, reli iliuawa?

Wako wasemao ya kuwa Magari Mekundu yaliuawa kwa hila ya watengenezaji wa motokaa. Maneno haya yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na ni haki kuyapambanua.

Ni kweli kwamba kampuni moja iitwayo National City Lines, iliyopewa fedha na General Motors, na Firestone watengenezaji wa mipira, na kampuni za mafuta, ilinunua kampuni za magari ya umeme katika miji mingi. Mwaka 1949 mahakama ya Marekani huko Chicago iliwaona wenye kampuni hizo na hatia ya kupatana ili wao peke yao wauze mabasi na mafuta kwa kampuni walizozishika. Kampuni zilitozwa faini ya dola 5,000 kila moja, na wakubwa wao dola moja moja. Lakini huko Los Angeles, National City Lines ilinunua magari ya manjano ya mjini, mwaka 1945. Haikununua Magari Mekundu.

Magari Mekundu yalikuwa yakipunguzwa na wenyewe tangu zamani. Njia za Pasadena na Monrovia zilifungwa mwaka 1950 na 1951. Mwaka 1952 ikafungwa njia ya bonde la San Fernando, ambayo katika mlango wa Cahuenga ilikuwa imepita katikati ya barabara kuu mpya ya motokaa, na nafasi ya reli ikatwaliwa na barabara. Mwaka 1953 kazi ya abiria iliuzwa kwa kampuni ya mabasi, ambayo haikuficha nia yake ya kuondoa reli. Njia ya chini ya ardhi ilifungwa mwaka 1955. Baadhi ya magari yaliuzwa Argentina, yakafanya kazi huko Buenos Aires.

Mwaka 1958 serikali ya California iliichukua kazi hiyo mkononi mwa shirika la umma, lakini kwa kuchelewa. Shirika lilipewa magari yaliyochoka, wala halikupewa fungu la kodi la kuyatengeneza. Katika mwezi wa Aprili, mwaka 1961, gari la mwisho lilitoka Los Angeles kwenda Long Beach, katika njia ile ile iliyofunguliwa mwaka 1902. Miaka miwili baadaye magari ya manjano nayo yakaondolewa.

Waliobaki kando ya njia

Mwenye motokaa hakuona hasara kubwa siku ile. Lakini kule Watts wengi hawakuwa na motokaa. Reli iliyowafikisha mjini kwa muda mfupi iliondolewa, na badala yake yakawapo mabasi machache, yenye kuchelewa, na yaliyomlazimu mtu kubadili basi na kulipa tena. Viwanda vilikuwa mbali, na mtu asiye na motokaa hakuweza kufika kazini kwa wakati.

Mwezi wa Agosti, mwaka 1965, ghasia kubwa zilizuka Watts baada ya polisi kumkamata dereva mmoja kijana mweusi. Kwa siku sita moto uliwaka, na watu 34 walikufa. Serikali ya California iliunda tume ya kuchunguza, chini ya Bwana John McCone. Tume ilitaja mambo mengi: ukosefu wa kazi, shule dhaifu, chuki kati ya polisi na raia. Lakini ilitaja pia usafiri. Ilisema ya kuwa mabasi mabaya na ghali yaliwazuia watu wa Watts kutafuta kazi na kuzishika. Si haki kusema ghasia zile zililetwa na kuondolewa kwa reli. Ila ni haki kusema ya kuwa reli ilipoondolewa, hakuna aliyewauliza wale walioitegemea.

Maduka mengi ya njia kuu ya Watts yaliungua. Stesheni ndogo ya mbao ya Magari Mekundu, iliyojengwa mwaka 1904, haikuungua. Ilibaki imesimama kati ya majivu, mahali ambapo hakuna gari lililosimama tena.

Njia ile ile, mara ya pili

Miaka ikapita. Barabara kuu zikaongezwa, na motokaa zikaongezeka kuzidi barabara. Moshi wake ukatanda juu ya mji hata macho ya watu yakawasha. Mwaka 1980 wapiga kura wa wilaya ya Los Angeles walikubali kutoa nusu senti kwa kila dola katika kodi ya mauzo, ili kujenga usafiri wa umma. Babu zao walikuwa wamekataa jambo kama hilo mwaka 1926.

Tarehe 14 Julai, 1990, treni ya umeme ilianza tena kwenda Long Beach. Sehemu kubwa ya njia yake ni ile ile ya Huntington, na kituo chake kimoja kiko Watts, karibu na stesheni ya mbao ya mwaka 1904. Mwaka 2016 treni zilifika tena Santa Monica, katika njia nyingine ya Magari Mekundu. Mwaka 2025 njia itokayo Long Beach ilifikishwa Pomona, mwendo wa zaidi ya maili 50. Mambo yaliyong'olewa kwa miaka michache yamerudishwa polepole kwa mabilioni ya dola. Na pale ambapo ardhi ya reli ya zamani ilikuwa imeuzwa na kujengwa nyumba, ilibidi njia itafutwe upya.

Neno la mwisho

Mabwana na Mabibi, swali lile la mwanzo si la Wamarekani peke yao. Afrika ya Mashariki imekwisha kuona treni ya umeme: mwaka 2024 treni za namna hiyo zilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hata Morogoro, kisha Dodoma. Kila mahali reli ipitapo, bei ya ardhi hupanda kabla ya treni ya kwanza kupiga honi. Madalali huja, vigingi hupigwa, na mtu aliyelima kwa bei ya shamba huuza kwa mtu atakayeuza kwa bei ya mji.

Habari za Los Angeles zaonyesha mambo matatu. Kwanza, reli huleta mali nyingi kuliko zile zipitazo mikononi mwa kondakta. Sehemu kubwa ya mali hiyo imo katika ardhi ya kando ya njia. Pili, yule achukuaye mali hiyo yote siku ya kwanza asipoacha fungu la kutunza reli, nauli ya abiria haitatosha kuitunza. Tatu, njia ikishapatikana ilindwe, hata siku ambazo yaonekana haina kazi, kwa maana kuirudisha ni ghali kuliko kuitunza.

Huntington alipouza kiwanja, alimwonyesha mnunuzi gari jekundu likipita. Mnunuzi alitazama gari, akatoa fedha zake. Hakuuliza ni nani atakayelilipia gari lile baada ya miaka 30. Wajukuu wake ndio waliokuja kulijibu swali hilo, nusu senti kwa nusu senti.